Mpira Haujagusa Chini

Mwanzoni mwa Juni 2021 nilitoka Mbale kwenda Buwenge, karibu na Jinja, mashariki mwa Uganda, kumjulia hali dada yangu, nikiwa na nguo za siku tatu. Siku tatu zikawa karibu miezi miwili. Safari za kutoka wilaya moja hadi nyingine zilipigwa marufuku kwa ajili ya korona, kisha Juni 18 Rais akatangaza siku 42 za kukaa ndani. Shule zilikuwa zimefungwa, vibanda vya video vimefungwa, makanisa na misikiti pia. Kwenye barabara ya Jinja kwenda Kamuli yakabaki matrekta ya miwa na malori ya mizigo.

Nyumbani kwa dada tulikuwa wanne na runinga moja: dada, shemeji ambaye hulima miwa na ambaye ujanani alicheza kriketi shuleni, mpwa wangu wa kidato cha tatu, na mimi. Mpwa wangu alikuwa na glavu ya ngozi iliyokatika mshono wa kidole gumba, akaushona mwenyewe kwa uzi wa katani. Kila asubuhi alisimama hatua kama kumi na tano kutoka ukuta wa choo, akazungusha mkono na kuuachia mpira wa manjano kutoka kiunoni. Ukutani alikuwa amechora mstatili kwa mkaa. Pa! Pa! Pa! Aliendelea hivyo kwa siku nyingi, hadi plasta ilipoanza kubanduka na mama yake akamhamishia kwenye mti wa fenesi.

Jumanne Julai 27, saa nane mchana kwa saa zetu, ilianza fainali ya softiboli ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, Japani dhidi ya Marekani, katika uwanja wa Yokohama usiokuwa na mtazamaji hata mmoja. Kituo tulichokitazama sitakitaja, wala mtangazaji wake, kwa kuwa makosa niliyoyasikia siku ile nimeyasikia kwa watu wengi kabla na baada yake.

Ni iningi ya sita, zamu moja kabla ya mwisho, Japani wanaongoza 2-0. Marekani wana wakimbiaji wawili kwenye vituo, na mtu mmoja tu ameshatolewa. Amanda Chidester anaupiga mpira kwa nguvu zote, unakwenda umenyooka kama mkuki kuelekea kituo cha tatu. Yu Yamamoto, mlinzi wa kituo hicho, hana hata muda wa kuinua glavu. Mpira unamgonga kwenye kifundo cha mkono na kuruka pembeni. Hapo Mana Atsumi, aliyekuwa akikimbilia nyuma yake, anaudaka ukiwa bado hewani, anageuka, anautupa kituo cha pili. Wajapani wanaanza kurukaruka na kutoka uwanjani.

Mtangazaji alisema mpira ulishamgonga mchezaji wa kwanza, kwa hiyo mchezo unaendelea na wakimbiaji wako salama. Wajapani walipozidi kutoka uwanjani alinyamaza. Kisha akasema, "Japani wana bahati leo."

Mpwa wangu alikuwa amesimama, mikono kichwani. "Mjomba, haujagusa chini!" akasema. "Mpira haujagusa chini. Wametoka wawili!"

Sheria yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyoifikiria. Mpira uliopigwa ukidakwa kabla haujagusa ardhi, mpigaji ametoka. Ukimgonga mlinzi mmoja begani, kifundoni au popote, akaudaka mwenzake ukiwa bado hewani, ni uleule umedakwa. Na mpira ukidakwa hewani, kila mkimbiaji aliyekwisha kuondoka hana budi arudi kugusa kituo alichotoka kabla ya kwenda mbele. Mkimbiaji wa kituo cha pili alikuwa ameshaondoka, kama ambavyo mtu yeyote angeondoka kwa pigo lile. Atsumi akautupa mpira pale kabla hajarudi. Wawili wakatoka kwa mpira mmoja, iningi ikaisha, na tumaini la Marekani likaisha nayo. Lilikuwa jambo kubwa kuliko yote katika fainali ile, sisi tukaambiwa ni bahati.

Haikuishia hapo. Katika iningi hiyohiyo ya sita, mrushaji wa Japani Yukiko Ueno alikuwa amepumzishwa na nafasi yake kuchukuliwa na kijana Miu Goto. Mtangazaji akamuaga Ueno kwa maneno mazuri, akasema tumemwona kwa mara ya mwisho. Iningi ya saba ikafika, Ueno yuleyule akarudi katikati ya uwanja na kuumaliza mchezo. Tukaachwa bila maelezo, kana kwamba Wajapani wamefanya jambo la kuwaombea radhi. Softiboli inamruhusu mchezaji aliyeanza mchezo atoke na kurudi mara moja, mradi arudi katika zamu yake ileile ya kupiga. Mtu aliyekulia kwenye kandanda, ambako aliyebadilishwa ameshavaa jaketi na mchezo wake umekwisha, hawezi kuyajua hayo asipoyasoma.

Ueno naye alistahili kuelezwa vizuri. Alikuwa ametimiza miaka 39 siku tano kabla. Miaka 13 nyuma, kule Beijing 2008, alirusha mipira 413 katika michezo mitatu ndani ya siku mbili, akaipa Japani dhahabu kwa kuwafunga Wamarekani haohao 3-1. Baadaye softiboli ikaondolewa kwenye Olimpiki za 2012 na 2016. Mwanamke huyu akasubiri mpaka ikarudishwa nchini kwake, akasimama tena mahali palepale. Mtangazaji angeijua ile sheria ya kurudi, kurudi kwa Ueno kungekuwa zawadi mdomoni mwake.

Asubuhi iliyofuata, redio ya shemeji ikatangaza kuwa Japani imeifunga Marekani mabao mawili kwa bila.

*

Kuna atakayesema haya ni madogo, kwamba hakuna aliyekufa kwa kusikia "mabao" badala ya mizunguko, alama za mchezaji aliyevizunguka vituo vyote na kurudi alikoanzia. Sikubaliani naye, na sababu yangu ni Buwenge yenyewe.

Mtu wa Osaka au wa Oklahoma akisikia mtangazaji amekosea, anacheka. Alicheza mchezo huo utotoni, baba yake aliucheza, mtaani kwake kuna uwanja. Kosa la mtangazaji linampitia kama upepo. Kwetu mchezo huu una shule zake chache na vijana wake wachache, na mzazi wa msichana anayeucheza hajawahi kuuona mahali pengine. Mtangazaji ndiye mwalimu wake wa kwanza, na mara nyingi wa mwisho. Dada yangu amemlipia binti yake nauli ya mashindano, amemfulia nguo zenye udongo mwekundu wa Busoga, lakini anachokijua kuhusu kazi ya mtoto wake amekipata kwa sauti inayotoka kwenye runinga. Sauti ile ikisema "bahati", kwa dada ni bahati. Na mchezo wa bahati, mzazi ataendelea kuulipia kwa nini?

Kibaya zaidi ni kwamba maneno yenyewe tumeyaazima kutoka kwenye kandanda na kuyahamishia kwenye softiboli bila kuyapa maana mpya. Msikilizaji wa Kiswahili akisikia "faulo", anajua mtu amechezewa vibaya. Anasubiri filimbi, anasubiri kadi. Katika softiboli faulo si kosa la mtu yeyote. Ni mpira uliopigwa ukaangukia nje ya mistari miwili inayotoka nyumbani, yaani pale anaposimama mpigaji, kupitia kituo cha kwanza na cha tatu. Siku ile ya fainali dada aliuliza mara tatu kwa nini wale wasichana wanafanya faulo nyingi hivi na mwamuzi hawaadhibu. Lilikuwa swali la haki kabisa, na mtangazaji hakuwa na habari kwamba kuna mtu anaweza kuwa nalo.

"Auti" nayo ni hivyohivyo. Mitaani kwetu auti ni mpira uliotoka nje ya mstari, unaokotwa na kurushwa ndani. Kwenye softiboli anayetoka ni mtu. Mpigaji au mkimbiaji anapoteza nafasi yake, na timu ikipoteza watu watatu inaacha kupiga na kwenda kulinda. "Straiki" inasikika kama straika, mfungaji wa mabao, kumbe ni hesabu dhidi ya mpigaji: mpira mzuri alioukosa au aliouacha upite. Halafu kuna "ameiba kituo". Shemeji aliposikia mchezaji ameiba, akauliza kwa dhati kama mwamuzi ameona. Kuiba kituo ni halali, ni mbio za ujanja za kukifikia kituo cha mbele wakati mrushaji ameuachia mpira. Lakini ukiwa umelelewa katika nyumba ambako kuiba ni kuiba, hapo unahitaji mtu wa kukushika mkono.

Shemeji alikuwa na tatizo lake la pili. Jinja ni mji wa kriketi. Shule za Busoga College Mwiri na Jinja SSS zimewalea wachezaji wa kriketi kwa miaka mingi. Ndiyo maana Juni 2024, Uganda ilipoishinda Papua New Guinea huko Guyana katika Kombe la Dunia la T20, na Frank Nsubuga mwenye miaka 43 akarusha ova nne kwa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili, pale Jinja hakuhitajika mtu wa kueleza kwa nini ile ni kazi ya ajabu. Masikio yalishafundishwa. Masikio hayohayo, ukiyaleta kwenye softiboli, yanakupotosha kwa njia nyingine. Katika kriketi mpigaji anaweza kuuelekeza mpira nyuma yake, akakimbia na kuhesabiwa. Shemeji alikuwa kila mara anamlaumu mpigaji wa Marekani, "Mbona hakimbii? Ameupeleka nyuma vizuri!" Na katika kriketi ukiupiga mpira si lazima ukimbie, unaweza kubaki ukangoja mwingine. Softiboli haina hiari hiyo. Ukiupiga ukaangukia ndani ya mistari, lazima uondoke.

Basi pale sebuleni palikuwa na sikio la kandanda, sikio la kriketi, na sikio moja tu la softiboli, la msichana wa miaka kumi na sita ambaye hakuna aliyemuuliza mpaka mchezo ulipokuwa umekwisha.

*

Tusidhani ni watangazaji wa kwetu tu. Wamarekani, wenye mchezo wao, hukosea kwa sababu iliyo kinyume na yetu: wanaijua sana besiboli. Softiboli ilizaliwa Chicago mwaka 1887, ndani ya klabu moja ya mashua, George Hancock alipofunga glavu ya ndondi ikawa mpira na kuwapa wenzake mpini wa ufagio. Tangu siku hiyo watu huiona kama besiboli ndogo. Basi mtangazaji aliyezoea besiboli akiletwa kwenye softiboli huja na vipimo vya kule. Atasema mkimbiaji amelala kwa kuwa bado amekanyaga kituo, wakati katika softiboli ni marufuku kuondoka kituoni kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji. Ule mnyato wa hatua tatu nne unaouona kwenye besiboli, hapa ungemtoa mtu uwanjani.

Atasema pia kwamba mrusho wa chini ni wa polepole, mrusho wa wasichana. Hili limeniudhi kwa miaka mingi, kwa hiyo nitalipigia hesabu. Mrushaji wa softiboli ya wanawake husimama mita 13.11 kutoka nyumbani. Wa besiboli husimama mita 18.44. Mrushaji wa kiwango cha juu wa softiboli akiuachia mpira kwa kilomita 110 kwa saa, unasafiri mita 30 na nusu kila sekunde, yaani unafika kwa mpigaji kwa sekunde 0.43. Wa besiboli akirusha kwa kilomita 150 kwa saa, mpira wake unafika kwa sekunde 0.44. Mpigaji wa softiboli ana muda uleule, au pungufu kidogo, na mpira wake unaweza kupanda juu ya gongo badala ya kushuka kama alivyozoea mtu wa besiboli. Mtangazaji anayesema "polepole" anasoma namba ya mwendo pembeni mwa skrini na kusahau kuuliza mpira umetoka wapi.

Kuna mengine hukosewa ambayo sitayakalia. Kituo cha kwanza kina pande mbili, nyeupe na ya rangi ya chungwa. Mkimbiaji hukanyaga ile ya chungwa asigongane na mlinzi, wala hajatoka nje ya njia. Mpigaji aliyekosa mara tatu anaweza bado kukimbia ikiwa mdakaji hakuudaka mpira wa tatu na kituo cha kwanza ni kitupu, au watu wawili wameshatolewa. Hajakataa hukumu. Na mchezo unaweza kuisha kabla ya iningi saba. Tukio la kwanza kabisa la Olimpiki ya Tokyo, Julai 21 kule Fukushima, lilikuwa Japani ikiichapa Australia 8-1, na lilikatwa iningi ya tano kwa sababu tofauti ilikuwa imefika mizunguko saba. Hapakuwa na mvua wala ugomvi.

Iko sheria moja, hata hivyo, ambayo ninaitumia kumpima mtangazaji. Akiieleza vizuri, ninaongeza sauti. Akiikosa, ninabaki na picha tu.

Wakimbiaji wako kituo cha kwanza na cha pili, na ambao wameshatolewa hawajafika wawili. Mpigaji anaupandisha mpira juu, unakuwa kama embe lililorushwa na mtoto, unaning'inia juu ya vichwa vya walinzi wa ndani. Mtu yeyote anaweza kuudaka. Kabla haujashuka, mwamuzi anainua mkono na kusema mpigaji ametoka. Mpira bado uko hewani! Mtazamaji mgeni anaona dhuluma. Mtangazaji mvivu anasema mwamuzi ameharakisha.

Jiweke sasa mahali pa wale wakimbiaji wawili. Mpira ukidakwa, lazima wawe wamegusa vituo vyao, kwa hiyo wanabaki. Ukiangushwa, lazima wakimbie, kwa kuwa mpigaji anakuja nyuma yao na kituo kimoja hakikai watu wawili. Mlinzi mjanja angesimama chini ya mpira ule, akauacha uanguke kwa makusudi miguuni pake, kisha akautupa kituo cha tatu na cha pili, na wale wawili waliobaki vituoni kwa nidhamu wangetoka wote bila kosa lolote. Sheria imeona ujanja huo mapema ikauziba. Mpigaji anahesabiwa ametoka palepale, na wakimbiaji hawalazimiki tena kuondoka. Imewekwa kuwalinda waliokamatwa katikati. Mtu akikueleza hivi mara moja, huhitaji kuelezwa tena maisha yako yote, na utaanza kuwatazama wale wawili badala ya kuutazama mpira.

*

Ninawajua watangazaji, na sitaki wachukuliwe kama wazembe. Wakati wa Olimpiki, mtangazaji wa kituo chetu hayupo Yokohama. Amekaa kwenye chumba kidogo, ana vifaa vya masikioni, anatazama picha zilezile unazozitazama wewe. Asubuhi ametangaza kuogelea, mchana softiboli, jioni anasubiriwa kwenye mchezo mwingine tena. Hana mtu pembeni wa kumnong'oneza. Kimya kinamtisha kuliko kosa, basi anajaza.

Lakini tuna watu hapa Uganda wenye kazi inayofanana na hii, na wamepata njia yake. Ingia kibanda chochote cha video, kuanzia Kamuli hadi Kampala, utamkuta VJ akiifasiri filamu ya Kichina au ya Kimarekani, sauti yake juu ya sauti za waigizaji, akitaja nani ni nani na nani atamsaliti nani. Ile filamu iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, Who Killed Captain Alex ya mwaka 2010, imejulikana duniani kwa sauti ya VJ Emmie karibu sawa na kwa risasi zake. VJ mzuri anaikalia filamu na kuielewa kabla ya kuja kuisema mbele ya watu. Mtangazaji wa michezo hawezi kuuona mchezo kabla haujachezwa, lakini kitabu cha sheria anaweza. Shirikisho la Dunia la Besiboli na Softiboli limekiweka wazi kwa kila mtu, na mwenye nia anakimaliza kwa jioni mbili.

Na Kiswahili chenyewe kilishawahi kuifanya kazi hii. Neno "kuotea" halikushuka kutoka mbinguni. Yaelekea kuna watu walikaa mbele ya maikrofoni wakaona mshambuliaji amejibanza nyuma ya walinzi akisubiri mpira, wakakumbuka mtu anayevizia windo, wakalichukua neno lililokuwapo na kulipa kazi. Ndiyo maana mpaka leo bibi asiyejua Kiingereza anaweza kukuambia kwa nini bao limekataliwa. Leonard Mambo Mbotela kule Kenya na Charles Hilary wa Tanzania, ambao wote wawili tuliwazika mwaka 2025, walikuwa wa kizazi cha sauti zilizomfanya msikilizaji wa redio aone uwanja akiwa amefumba macho. Nikiwakumbuka hao siwezi kukubali kwamba softiboli ni ngumu mno kwa Kiswahili. Mrushaji, mpigaji, mdakaji, kituo, nyumbani: maneno ya kutosha tunayo. Badala ya faulo tungeweza kusema mpira wa nje. Badala ya auti, ametoka. Badala ya kuiba kituo, mpwa wangu na wenzake husema "kudokoa", na nilipolisikia nilicheka kwa furaha, kwa sababu kila aliyelelewa karibu na jiko anajua kudokoa ni nini: mkono mwepesi, sufuria imefunuliwa kidogo, mama amegeuka. Ni ujanja, na hakuna anayeitiwa polisi.

Watoto wetu wameutangulia mdomo wa watangazaji wetu, hata kwenye besiboli. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilishinda mchujo wa kanda huko Kutno, Poland, ikawa ya kwanza ya Afrika kufuzu kwenda mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania, halafu ikanyimwa viza. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi, mji wa miwa ulio njiani kati ya Kampala na Jinja, wakafika, na kabla ya kurudi wakaifunga timu ya Gresham, Oregon, 3-2. Mwaka 2015 wengine wa Uganda wakaifunga Jamhuri ya Dominika 4-1, nchi ambayo besiboli kwao ni kama chapati kwetu. Mwaka 2022 vijana wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, walisajiliwa na klabu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers. Wote hao wana jamaa nyumbani waliotaka kujua ni nini hasa mtoto wao alifanya pale. Wengi walipata jibu la "ameshinda".

Softiboli haikuchezwa Paris 2024. Itarudi Los Angeles 2028, ingawa michezo yake itachezwa mbali na mji huo, katika Oklahoma City. Mchezo wa jioni kule utatufikia usiku wa manane, saa ambayo sauti ya mtangazaji ni yote uliyo nayo, watoto wamelala na umeipunguza isiwaamshe. Miaka ya kujiandaa ipo.

*

Mpwa wangu amemaliza shule. Nilipokwenda Buwenge mara ya mwisho nilimkuta jioni kwenye kiwanja cha shule ya msingi, akiwafundisha watoto, vituo vikiwa magunia ya sukari yaliyojazwa mchanga. Glavu ilikuwa ileile. Pembeni chini ya mwembe walikuwa wamekusanyika watazamaji wa kila siku: wanawake wanaotoka kisimani, muuza roleksi za chapati na mayai aliyemwachia msaidizi wake kikaango, na madereva wanne wa bodaboda.

Watoto wawili walikuwa kituo cha kwanza na cha pili. Wa tatu akaupandisha mpira juu kabisa. Mpwa wangu akainua mkono, akaita, "Ametoka!" mpira ukiwa bado unapanda. Chini ya mwembe zogo likazuka. Mama mmoja mwenye dumu kichwani akasema huyo mwalimu anaonea watoto wa wenzake.

"Ngoja, mama," akasema mmoja wa wale wa bodaboda, kijana ambaye kwa alivyokaa juu ya pikipiki yake, mgongo umeegemea shina, ilionekana haikuwa jioni yake ya kwanza pale. "Usitazame mpira. Watazame wale wawili wa kwenye magunia. Unaona hawakimbii? Sasa fikiria huyu wa katikati angeuangusha makusudi."

Mama akatua dumu.